Mgahawani wewe si mgeni, ni mnunuzi: kwa nini hoteli inayovuma inaweza kukuangusha, na la kufanya

Msikilizaji wangu, leo naanza na jambo lililonipata mimi mwenyewe, kwa sababu nikilieleza la mtu mwingine nitalipunguza makali.

Mama yangu amepika pweza tangu akiwa binti. Hapa Chuno akina mama wengi wanamjua kwa jambo hilo. Mwaka jana, baada ya kuuza korosho zetu kidogo, tulipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, kwa kuwa alikuwa na miadi ya kliniki ya macho. Tulipomaliza kliniki nikasema leo nimkirimu mama yangu. Kwenye simu yangu kulikuwa na mgahawa mmoja wa ufukweni ambao kila mtu alikuwa akiuposti: taa za kuning'inia, viti vya kamba, sahani nyeusi, na pweza wa nazi aliyepambwa na kipande cha ndimu. Tukaenda.

Tulikaa karibu dakika hamsini kabla chakula hakijafika. Wali ulikuwa wa vuguvugu juu na baridi katikati. Pweza alikuwa mgumu, na rojo la nazi lilikuwa limejitenga, mafuta upande wake na maji upande wake. Mama alitafuna kimya kimya, kisha akaniinamia na kuninong'oneza: "Mwanangu, huyu pweza kasafiri kuliko sisi."

Mhudumu alipopita akauliza, "Mama, chakula kizuri?" Mama akajibu, "Kizuri, mwanangu, ahsante." Nami nikatingisha kichwa.

Ikaja bili. Sahani mbili za pweza, shilingi 35,000 kila moja. Juisi mbili, shilingi 8,000 kila moja. Chupa kubwa ya maji, shilingi 4,000. Mpaka hapo ni 90,000, na hilo nililijua tangu mwanzo, nilikuwa nimejipiga moyo konde. Lakini chini yake kulikuwa na mistari miwili mingine: huduma asilimia 10, yaani 9,000, na kodi ya VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo, yaani 17,820. Jumla kuu ilikuwa shilingi 116,820. Nilipochukua tena menyu nikaona, chini kabisa, kwa maandishi madogo kama ya nyuma ya vocha, kwamba bei hazijumuishi kodi wala huduma.

Kwenye simu yangu nilikuwa na 80,000 na kitu. Mama hakusema neno. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa noti nne za elfu kumi na kuziweka mezani. Zilikuwa za kununulia dawa ya macho. Nilitaka kumkirimu mama, na yeye ndiye aliyenilipia.

Nilipolisimulia hewani, simu hazikukatika. Mmoja alikuwa ameuziwa samaki kwa uzito bila kujua. Mwingine alipewa kuku ambaye ndani bado ana damu. Wa tatu aliugua tumbo safari nzima ya kurudi Newala. Karibu wote walimaliza kwa maneno yaleyale: "Nikanyamaza tu." Kwa hiyo leo tufafanue mambo matatu: kwa nini sehemu yenye jina kubwa inaweza kutoa chakula kibaya, kwa nini sisi tunanyamaza, na nini hasa unaweza kufanya.

Unalipia nini?

Tuanze kwa haki. Sahani ya 35,000 si lazima iwe wizi. Mama lishe ninayekula kwake jirani na studio ananipa wali samaki kwa shilingi 3,000, na samaki wake nimemwona akishushwa feri asubuhi. Lakini yeye hana pango la ufukweni, hana jenereta, hana viyoyozi, hana wahudumu kumi na wawili wenye sare. Mgahawa wa aina ile una gharama hizo zote, na kila sahani inabeba sehemu yake. Unapokaa pale unakuwa umekodi kiti, upepo, muziki na picha. Chakula ni sehemu moja tu ya bei.

Wakati mwingine mteja anajua hivyo na anaridhika. Kule Unguja, pwani ya Pingwe huko Michamvi, kuna mgahawa unaoitwa The Rock uliojengwa juu ya mwamba ndani ya bahari. Maji yakitoka unafika kwa miguu, maji yakijaa unavushwa kwa boti. Anayekwenda pale anajua wazi kwamba mwamba nao ni sehemu ya anachokinunua. Hakuna ubaya katika hilo, mradi mtu ajue ananunua nini.

Tatizo linaanza pale jina linapokua haraka kuliko jiko. Kijana mmoja wa Mikindani aliyewahi kupika katika mgahawa mkubwa mjini alinieleza hivi. Sehemu ikianza kuvuma, watu wanaongezeka mara tatu kwa wiki mbili, lakini jiko ni lilelile, majiko ni yaleyale, wapishi ni walewale. Basi wanaanza kupika mapema na kuweka pembeni. Wali wa saa nne asubuhi unaliwa saa nane mchana. Pweza anachemshwa kwa wingi, anafungwa vifurushi, anawekwa friza, na oda ikija anapashwa upesi na kumwagiwa tui. Ndiyo maana nazi ilikuwa imejitenga: tui lililochemshwa kwa haraka bila kukorogwa hukatika.

Alinifundisha pia kuangalia urefu wa menyu. Menyu yenye vyakula themanini, kutoka pilau hadi tambi za Kiitaliano, ni ishara kwamba vingi vinatoka kwenye friza. Hakuna jiko dogo linaloweza kuwa na vitu themanini vibichi kila siku. Menyu fupi, hasa iliyoandikwa kwa chaki ubaoni, mara nyingi inafuata kilichopatikana sokoni asubuhi ile.

Hapo sisi watu wa pwani ya kusini tuna elimu yetu wenyewe. Pweza wa kuchokoa kwa miguu hupatikana zaidi wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na miamba kubaki wazi. Wakati wa maji mafu wanapungua. Kusi ikivuma kwa nguvu, bahari inachafuka na vyombo vidogo vinatoka kwa shida. Kwa hiyo mgahawa unaouza pweza kila siku ya mwaka, bamvua au maji mafu, lazima unatumia wa friza siku nyingi. Friza yenyewe si dhambi. Pweza aliyegandishwa vizuri hata hulainika. Kosa ni kumwandika "wa leo" wakati si wa leo.

Sifa za mtandaoni zinatengenezwaje?

Wengi wetu tunachagua sehemu kwa kuangalia Instagram na TikTok. Kumbuka kwamba picha haina ladha wala harufu, na haikuambii wali una joto gani. Tena baadhi ya wanaoposti wamealikwa wakala bure, na wengine wamelipwa. Hata nyota za sifa zinaweza kutengenezwa.

Mfano unaojulikana dunia nzima ulitokea London, Uingereza, mwaka 2017. Mwandishi mmoja anaitwa Oobah Butler, ambaye zamani aliwahi kulipwa kuandika maoni ya uongo kuhusu migahawa, aliamua kujaribu jambo. Alikuwa anaishi kwenye kibanda cha bustanini. Akakisajili kibanda hicho kwenye mtandao wa TripAdvisor kama mgahawa, akauita The Shed at Dulwich. Hakukuwa na mgahawa. Picha za vyakula alizitengeneza kwa povu la kunyolea na vidonge vya kusafishia, na moja ilikuwa ya kisigino chake mwenyewe. Marafiki wakaandika sifa. Watu wakipiga simu kutaka nafasi anawaambia kumejaa, na kadiri alivyowakatalia ndivyo walivyozidi kupataka. Ilipofika Novemba mwaka huohuo, kibanda kile kilikuwa namba moja London, juu ya migahawa zaidi ya 18,000.

Kisha akafungua kweli kwa usiku mmoja. Aliwapa wageni chakula cha bei chee cha dukani, kile cha kupasha tu. Wapo waliouliza kama wanaweza kuweka nafasi tena.

Hili lisitufanye tudhani kila sifa ni uongo. Linatufundisha kusoma vizuri. Maoni yanayosema "sehemu nzuri sana, mandhari safi" hayajakuambia lolote kuhusu chakula. Tafuta anayesema nini alikula, lini, bei gani, na alisubiri muda gani. Tafuta picha zilizopigwa na wateja wa kawaida, zile zenye giza kidogo na sahani iliyoliwa nusu. Na njia yetu ya zamani bado inashinda zote: muulize dereva wa bajaji au muuza duka wa jirani yeye anakula wapi.

Kwa nini tunanyamaza?

Nimelifikiria jibu la mama yangu, "Kizuri, mwanangu," kwa muda mrefu. Mama si mwoga. Sokoni anabishana bei ya nazi mpaka muuzaji anacheka. Kwa nini pale alinyamaza?

Naona sababu ni mbili. Ya kwanza ni malezi. Sisi tumefundishwa tangu utoto kwamba chakula hakitiwi kasoro. Ukikaribishwa kwa mtu unakula ulichopewa, unashukuru, na kama chumvi imezidi unakunywa maji. Hiyo ni adabu njema na isipotee. Lakini ni adabu ya mgeni kwa mwenyeji wake. Mwenyeji amekupa alichonacho bure, kwa upendo. Mgahawani hakuna mwenyeji. Wameandika "Karibu" mlangoni, lakini kesho ukirudi bila pesa hutapewa hata maji. Pale wewe ni mnunuzi, sawa na unaponunua jembe au bati. Ukiuziwa bati lenye tundu utalirudisha, na hakuna atakayesema huna adabu.

Sababu ya pili ni kuogopa kuonekana mshamba. Nakiri hii ndiyo iliyonishika mimi. Meza ya jirani kulikuwa na vijana wanaongea kwa sauti, wanapiga picha, na mimi mtangazaji mzima nikaona aibu kuuliza "kodi imo humu?" Aibu ile ilinigharimu shilingi 26,820. Ndiyo tofauti kati ya 90,000 niliyokuwa nimeihesabu na 116,820 niliyodaiwa.

Na wala si ushamba wa mtu wa mkoani. Januari 2018 iliandikwa sana habari ya wanafunzi wanne wa Kijapani waliokula nyama na samaki wa kukaanga katika mgahawa mmoja huko Venice, Italia, wakapewa bili ya zaidi ya euro 1,100. Hata hao, vijana wasomi waliotoka nchi tajiri, walilipa kwanza na kulalamika baadaye polisi. Ugeni unamtia mtu yeyote unyonge. Wahenga walishasema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kutouliza kuna bei.

Kabla hujakaa: maswali matano

Haya ni maneno ya kutumia, kama yalivyo. Yaseme kwa upole, kwa sauti ya kawaida.

1. "Naomba kuona menyu kwanza." Sema ukiwa bado umesimama. Ukiona bei hazipo au hazikufai, sema "Ahsante, tutarudi," na uondoke. Kuondoka kabla ya kuagiza si kosa na hakuna deni.

2. "Bei hizi ni za mwisho, au kuna kodi na huduma juu yake?" Kiwango cha kawaida cha VAT kwa Tanzania Bara ni asilimia 18, na sehemu nyingine wanaongeza huduma asilimia 10. Vyote vikiwekwa juu, sahani ya 10,000 inafika karibu 13,000. Heri ujue mapema.

3. "Samaki huyu mzima ana uzito gani, na jumla ni shilingi ngapi?" Hapa wengi wanaumia. Menyu inaandika mathalani 8,000, na pembeni kwa herufi ndogo "kwa gramu 100". Samaki wa kilo moja na robo tatu ya robo, tuseme gramu 1,200, anakuwa 96,000. Omba apimwe mbele yako na utajiwe jumla kabla hajaingia jikoni.

4. "Leo kipi kimepikwa sasa hivi, na kitachukua muda gani?" Mhudumu mwema atakuambia ukweli. Akisema vyote viko tayari muda wote, jua ni vya kupasha.

5. "Nina elfu ishirini, mnaweza kunipa nini?" Hili ndilo swali linaloogopwa kuliko yote, na ndilo linalosaidia kuliko yote. Hakuna aibu kutaja bajeti yako. Mwenye gari kubwa naye anafanya hivyohivyo anapoagiza sherehe.

Na kama menyu imeandikwa kwa dola, fahamu kwamba kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza kutumika 28 Machi 2025 zinataka bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi zitajwe kwa shilingi, isipokuwa mambo machache yaliyotajwa kwenye kanuni hizo. Una haki ya kuuliza bei kwa shilingi na kulipa kwa shilingi.

Chakula kikija kibaya

Jambo la kwanza ni muda. Sema mapema, baada ya tonge la kwanza au la pili. Ukimaliza sahani ndipo ulalamike, hata mimi nitashindwa kukutetea. Mwite mhudumu karibu, usimpigie kelele; yeye hakupika, na mara nyingi ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote pale. Mwambie kasoro kwa jina lake: "Kijana, wali huu ni wa baridi, naomba unibadilishie," au "Kuku huyu hajaiva, tazama." Usiseme tu "chakula kibaya", kwa sababu ubaya una aina nyingi na jiko haliwezi kurekebisha lisilotajwa. Akishindwa, omba kuzungumza na msimamizi.

Wasikilizaji wameuliza: nikirudisha chakula, nalazimika kulipa? Tutofautishe. Ukiagiza pilipili nyingi kisha ukaona inakuwasha, hilo ni lako, lipa. Ukipewa ulichoagiza kikiwa kimepikwa sawasawa ila hukupenda ladha, lipa pia, mara nyingine nenda kwingine. Lakini ukipewa kisichoiva, kilichoharibika, au kitu tofauti na kilichoandikwa, una msingi wa kukataa, kubadilishiwa au kutolewa kwenye bili. Sheria ya Ushindani namba 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu anachomuuzia, na inamlinda anayelipia huduma. Kumwandika samaki wa friza kuwa "amevuliwa leo" ni kupotosha.

Wameuliza pia kuhusu ile asilimia 10 ya huduma. Kama imeandikwa wazi kwenye menyu na wewe ukaagiza, imeshakuwa sehemu ya bei. Kama haikuandikwa popote ikaibukia kwenye bili, uliza imetoka wapi. Bakshishi ni kitu kingine kabisa: ni hiari yako, na hakuna anayeweza kukudai.

Ukilipa, dai risiti ya mashine ya EFD, iwe umelipa taslimu au kwa lipa namba. Karatasi ya kalamu au "bili" ya kawaida si risiti. Sheria ya kodi inamtaka muuzaji aitoe, na mnunuzi naye anawajibika kuidai. Zaidi ya kodi ya taifa, risiti ndiyo shahidi wako: ina jina la biashara, tarehe, saa na kiasi. Piga picha menyu na sahani kama kuna tatizo.

Likiwa la afya, si la ladha tu

Mpaka hapa tumezungumza pesa. Lakini chakula kibovu kinaweza kukupeleka kitandani. Shirika la Afya Duniani, katika makadirio yake ya mwaka 2015, lilisema karibu mtu mmoja kati ya kumi duniani huugua kila mwaka kwa chakula kisicho salama, yaani watu milioni 600.

Kanuni zake ni nyepesi kukumbuka. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kikisubiri kuliwa, kiwe cha moto kweli, zaidi ya nyuzi joto 60, yaani mvuke unatoka. Wali hasa usidharauliwe: kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemka, na wali ukikaa vuguvugu huamka na kutoa sumu ambayo kupasha tena hakuiondoi. Wali wa vuguvugu nilioula mimi na mama ulikuwa wa kurudisha siku ile ile.

Samaki kama jodari na vibua wakikaa bila barafu hutengeneza kemikali iitwayo histamini. Moto wa jikoni hauiui. Ukimla ukahisi mdomo unawasha kama pilipili, au muda mfupi baadaye uso unawaka, mwili unawasha na kichwa kinagonga, acha kula, na ukishindwa kupumua vizuri kimbilia hospitali mara moja. Kwa kuharisha, kunywa maji yenye chumvichumvi za ORS. Ukiona damu, homa kali, au mgonjwa ni mtoto mdogo au mzee, usisubiri basi lifike nyumbani. Shuka, tafuta kituo cha afya.

Malalamiko yanapelekwa wapi?

Uchafu wa jiko au watu kuugua: nenda kwa afisa afya wa kata au halmashauri, yule tunayemwita bwana afya au bibi afya. Yeye ana mamlaka ya kukagua migahawa. Usalama wa chakula kitaifa, tangu mwaka 2019, uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kupotoshwa au kudanganywa bei: Tume ya Ushindani, FCC, na kwa Zanzibar ipo tume yao wenyewe ya ushindani. Kunyimwa risiti: TRA. Kote huko utaulizwa lini, wapi na ushahidi gani, ndiyo maana nimekusisitizia risiti na picha.

Na ukiandika maoni mtandaoni, andika kilichotokea, bei na tarehe. Usitukane, usizushe. Maoni ya kweli yanamsaidia msafiri anayekuja nyuma yako, na mwenye mgahawa mwenye akili atayatumia kurekebisha.

Tuliporudi

Siku ya kurudi basi lilisimama Somanga. Wanaoijua barabara ya kusini wanajua pale ni samaki wa kukaanga. Mimi nikawa nasitasita dirishani. Mama alishuka mwenyewe, akaenda moja kwa moja mezani. "Mwanangu, hawa wamekaangwa saa ngapi?" Kijana akasema asubuhi. "Na hao waliopo kwenye karai?" Hao ni wa sasa hivi. "Shilingi ngapi?" Elfu tano. "Nipe huyo wa kwenye karai, na chenji yangu naiona hapa."

Akapanda na samaki wa moto kwenye karatasi, tukamla kwa mikono mpaka Nangurukuru. Nikamuuliza kwa nini kule mjini hakuuliza hivyo. Alifikiri kidogo, akasema, "Kule nilidhani nimealikwa."

Basi msikilizaji wangu, ukisafiri msimu huu, kwa kliniki, kwa harusi au kwa matembezi, ingia popote roho yako inapotaka. Pesa yako ya korosho, ya ufuta au ya samaki ni halali na ina thamani sawa na ya mtu yeyote. Ila kumbuka hukualikwa. Umekwenda kununua.